Mzee wa Injini na Tenti ya Chama

Jumapili, tarehe 20 Julai. Baridi tangu alfajiri, manyunyu yanakuja na kwenda, jua halijatoka kabisa. Nguo nilizoanika jana bado zina unyevu.

Leo Mzee wa Injini amehama hapa mtaani kwetu, Tena. Binti yake amemchukua kwa pikapu wakaishi pamoja mtaa wa Tassia, kwa sababu kifua chake hakitaki tena kulala peke yake. Nimeona niandike juu yake kabla sijaanza kumsahau vibaya, yaani kumfanya mwema kuliko alivyokuwa, au mbaya kuliko alivyokuwa. Na kuna jambo moja ambalo limenikaa kifuani wiki tano sasa. Ni siku ile boti aliyokuwamo mume wangu ilinaswa na kamba ziwani, akanipigia simu, nami nikamwambia angoje. Nataka kujua kama kungoja kule kungemuua. Leo asubuhi nilimuuliza Mzee. Nitafika hapo, lakini nikianza na hapo nitakuwa nimemfanya Mzee kuwa mtu wa siku moja, na hilo si haki.

Tumekaa mlango kwa mlango miaka kumi na miwili. Mimi nashona yunifomu za shule kwenye varanda ya chini, na yeye hukaa kando yangu kwenye kiti cha chuma alichokipaka rangi ya kijivu, ile ya meli. Zamani alikuwa mtu wa injini kwenye meli za ziwani. Vijana wa ploti, hizi nyumba zetu za kupanga, walimwita Kapi, kifupi cha kapteni, naye alichukia.

"Niaje Kapi! Leo meli inang'oa nanga saa ngapi?"

"Saa ile utakapooga," angejibu. "Kwa hivyo haiendi."

Kisha angenigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. "Mama Mercy, waambie hao. Kapteni alikuwa juu, anaona ndege na milima. Mimi nilikuwa wa chini. Wa chini haoni kitu. Wa chini anasikia."

Ni kweli alisikia. Angeweza kukaa akisoma gazeti la jana aliloazima kwa mlinzi, halafu aseme bila kuinua kichwa, "Cherehani yako inataka mafuta." Ningebisha. Baada ya nusu saa cherehani ingeanza kulia. Jambo hilo liliniudhi kuliko lilivyonifurahisha, nakiri.

Mambo ya kamba ndiyo yaliyomjulisha kwa watu. Kamba zote za kuanika nguo kwenye ploti yetu alizifunga yeye, na hakuna hata moja iliyowahi kulegea. Jumamosi alikuwa akienda soko la Muthurwa kutazama kamba tu. Anaivuta, anainusa, anauliza bei, hanunui. Wauzaji walimzoea. Alirudi na vipande vilivyotupwa, akavitia kwenye gunia chini ya kitanda. Ukimwuliza kwa nini asinunue mpya, anasema kamba mpya haijui kazi. Sijui kama maneno hayo yana maana yoyote. Alikuwa na semi nyingi za namna hiyo, nyingine nzuri na nyingine za kujaza hewa. Moja tu ndiyo niliyoishika: "Kamba haina haraka. Mwenye haraka ni injini."

Alinifundisha maana yake kwenye cherehani. Mwaka fulani wakati wa kufungua shule, uzi ulijisokota chini ya sindano, nami nilikuwa na sketi ishirini za kumaliza. Nikakanyaga padeli kwa nguvu nikidhani itajifungua yenyewe. Mzee aliruka kutoka kwenye kiti.

"Toa mguu! Toa mguu, mama! Unaikaza!"

Akaweka kiganja kwenye gurudumu la cherehani, akalizungusha nyuma, polepole, nusu ya nusu, huku kidole cha mkono wa pili kikifuata uzi. Nilishika makasi. Akanipiga kofi la mkono, kofi kabisa, mimi mama wa watoto watatu.

"Hujajua unakata gani," akasema. "Ukikata uzi unaovuta, umepona. Ukikata uliojisokota, umepata vipande vitano badala ya kimoja."

Uzi ulitoka mzima. Sikumsemesha kwa siku mbili kwa ajili ya lile kofi.

Basi hapo niseme ubaya wake, kwa sababu upo. Hakuomba ruhusa. Hakuna kitu alichowahi kuomba ruhusa. Maji yakikatika alifungua koki kuu ya mfereji bila kumwambia msimamizi wa nyumba. Mlango wangu aliufungua kwanza, hodi ikafuata akiwa ndani. Siku moja alikata kamba ya jirani wa ghorofa ya pili nguo zikiwa juu yake, shuka nyeupe zikaanguka kwenye matope, kwa kuwa kamba ile ilipita karibu na waya wa stima. Juu ya waya alikuwa na haki. Juu ya shuka hakuwa na haki, na hakusema pole. Jirani alimtukana mpaka sauti ikamkauka.

"Ungenigongea mlango!" alisema yule mama. "Mimi si binadamu?"

"Ningegonga, ungeuliza ni nani," Mzee akajibu, akaenda zake.

Mkewe anaishi nyumbani, upande wa magharibi, akija mara mbili kwa mwaka. Wapo wanaosema alimfukuza. Mke mwenyewe aliniambia anapenda ng'ombe wake kuliko kelele za Nairobi. Nimeandika yote mawili.

Na kuna jambo ambalo hata sasa sijui niliweke wapi. Mtu huyu wa meli aliogopa maji. Hakuwahi kujifunza kuogelea. Mvua ya masika ilipojaza barabara yetu na watu wakaweka mbao za kuvukia, alikaa ndani siku tatu. Vijana walimcheka, "Kapi, ni maji ya magoti tu!" Akafunga dirisha. Mzee wa kanisa alikuja kumshika mkono avuke aende kuimba, maana sauti yake nene ndiyo iliyoshikilia kwaya, lakini hakukubali. Nilimpelekea uji. Nikamwuliza aliwezaje kazi ile miaka yote. Akasema kule chini hakuna maji, kuna injini tu, na joto.

Ni siku hiyo ya mafuriko aliponisimulia habari ya kengele. Kwenye meli, alisema, mtu wa chini haendeshi kwa akili yake. Anangoja kengele kutoka juu: nenda, simama, rudi. Siku moja walikuwa wakitoka gatini. Kamba ya nyuma ilianguka majini, ikavutwa na propela, yale mapanga yanayozunguka chini ya meli na kuisukuma. Yeye alisikia. Sauti ya injini ilibadilika, ikawa kama ng'ombe anayekohoa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kishikio cha kuzimia injini. Lakini kengele haikulia, kwa hivyo akangoja. Juu, kuna mwenzake aliyekuwa ameshika ncha ya kamba ile ile.

Hapo husimulia tofauti. Mara mbili nimemsikia akisema mwenzake alipoteza mkono. Mara moja alisema walimpoteza mwenzake mwenyewe. Sikumwuliza ni lipi. Pengine ilinipasa kuuliza.

Sasa niseme habari ya tenti.

Chama chetu cha akina mama kina tenti, sufuria sita kubwa na viti. Mwanachama akifiwa, vyombo hivyo vinakwenda naye mpaka kijijini, hata kama ni mbali, kwa sababu kumwacha mwenzako aombe tenti kwa watu wasiomjua ni aibu yetu sote. Mimi ndiye mtunza vyombo. Tenti inalala chini ya kitanda changu. Sheria yetu iko kwenye daftari: chombo kikiharibika au kikikatwa au kikipewa mtu, ni mwenyekiti kwanza. Tuliiandika baada ya sufuria moja kurudi bila masikio. Nilikuwa mkali sana juu ya sheria hiyo. Mume wangu, Baba Mercy, alinisikia nikiisema mara nyingi mpaka ikamwingia.

Mwezi uliopita baba yake mdogo alifariki. Kwao ni kisiwani, ziwani. Baba Mercy alitangulia na vyombo, mimi nibaki nimalize oda ya shule kisha niwafuate. Jeneza lilivuka kwa boti ya kwanza. Boti ya pili ilibeba watu kumi na mmoja, sufuria, na tenti yetu ikiwa imekunjwa na kuwekwa nyuma kabisa, karibu na injini, kwa kuwa mbele walikaa akina mama wazee.

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu mchana. Nilikuwa napinda sketi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, anasinzia. Simu ikalia.

"Mama Mercy!" Upepo ulikuwa mwingi. "Kamba ya tenti imeingia kwa propela! Tenti yenyewe imevutwa ndani ya maji, imejaa, inatuvuta nyuma! Maji yanaingia! Tukate?"

"Mkate nini?"

"Kamba za tenti! Itazama!"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema, "Ngoja. Ngoja kwanza nimuulize mwenyekiti."

Nikakata simu.

Nimejaribu kukumbuka nilikuwa nafikiria nini. Sikufikiria tenti kwanza kisha mume baadaye, hilo naweza kuapa. Nilikuwa sijaona maji. Nilisikia swali la vyombo, nikajibu kama mtunza vyombo. Nikampigia mwenyekiti, simu yake ikawa inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Mzee akafumbua macho.

"Ni nini?"

Nikamwambia kwa maneno machache. Sijui hata kama nilimaliza. Alininyang'anya simu mkononi, akabonyeza namba ya Baba Mercy, akaweka sauti ya nje.

"Wewe! Mimi ni mzee wa injini, jirani. Nani ameshika injini?"

"Mwenye boti. Anataka kuivuta iwake, ijitoe yenyewe."

"Mwambie asiiguse! Asiiguse! Itakaza. Watu wako wapi?"

"Wako huku nyuma, wanaangalia."

"Wote?"

"Wote, mzee."

"Wajinga nyinyi, mnaizamisha wenyewe! Watu wote mbele. Sufuria mbele. Kama kuna mama mnene, mbele kabisa. Nyuma abaki mmoja." Tukasikia kelele, mtoto akilia, mama mmoja akiuliza ni nani amemwita mnene. "Sasa sikiliza. Kile kidude chekundu cha kuzimia injini, kichomoe, ukishike wewe."

"Hakipo. Kilipotea. Wamefunga hapo na mpira wa tyubu."

Mzee alifumba macho. "Basi chomoa waya wa plagi. Injini isiweze kuwaka hata mtu akipagawa. Umechomoa?"

"Nimechomoa."

"Kuna kamba mbili. Moja imejisokota kwenye propela. Moja imekazwa kama waya, inakwenda chini kwa tenti. Unaziona?"

"Naona iliyokazwa."

"Kata hiyo. Geuza uso, itaruka. Tenti iende. Nyuma ikiinuka, uinamishe injini mbele, propela itoke majini, halafu uzungushe kwa mkono, nyuma, polepole..."

Simu ikakatika.

Tukapiga. Haipatikani. Tukapiga tena. Nilitaka kukaa, nikakuta nimeshakaa. Nikamwuliza Mzee, "Watapona?"

"Sijui."

Mtu mwingine angesema Mungu ni mwema. Yeye alisema hajui. Alisimama pale, akachukua futi yangu ya kupimia nguo, akawa anaikunja kwenye kiganja, anaikunjua, anaikunja. Yule mama wa shuka alishuka ngazi, akaniona uso, akakaa karibu yangu bila kuuliza, na alipomwona Mzee amesimama akamsogezea kiti. Mzee hakukaa.

Dakika arobaini hivi. Ndipo simu ikalia kutoka namba nisiyoijua. Ni Baba Mercy. Simu yake imelowa, hii ni ya mwenye boti. Wamefika. Wote kumi na mmoja. Tenti imekwenda.

Nililia. Mzee alirudisha futi yangu mezani, imekunjwa vizuri, akaingia kwake akafunga mlango.

Mwenyekiti alipiga jioni ile, naye akalia. "Tenti ni nguo tu, Mama Mercy! Ungemwambia akate!" Hakuwa na neno lingine. Kwa hivyo ruhusa niliyokuwa naitafuta ilikuwepo wakati wote, na hilo halikunituliza, lilinichoma zaidi. Baba Mercy aliporudi hakusema lolote kuhusu kungoja. Alisimulia habari ya mzee na yule mama mnene mpaka watu wakacheka, lakini sehemu yangu aliiruka. Kila aliposimulia, aliiruka. Sikujua kama ameisahau au ameificha, nami nikaogopa kuuliza. Usiku nilisikia anavyopumua, nikahesabu dakika: mbili, pengine tatu. Maji yanaingia kiasi gani kwa dakika tatu?

Leo asubuhi, kabla ya pikapu, niliingia kwa Mzee kumsaidia kufunga vitu. Alikuwa amekaa kitandani, koti juu ya sweta, kifua kinapiga filimbi. Gunia la kamba lilikuwa tayari mlangoni.

"Hilo hataliruhusu binti yako," nikasema.

"Simwombi."

Nikafunga sufuria zake kwenye shuka. Nikafunga tena. Mwishowe nikasema, nikiwa nimempa mgongo, "Mzee, siku ile ya boti. Zile dakika nilizomngojesha. Zingemuua?"

Alikohoa kwanza, kikohozi kirefu.

"Unataka niseme hazikudhuru."

"Nataka ukweli."

"Sikuwa huko, Mama Mercy. Nilikuwa hapa Tena nimeshika simu ya mtu. Muulize aliyekuwa ndani."

"Naogopa."

"Haya, ogopa," akasema. "Lakini uulize. Usikae miaka unasimulia hivi leo, kesho unasimulia vile."

Hakusema zaidi ya hapo, nami sitamwongezea maneno. Binti yake akaja. Vijana walibeba kitanda na kile kiti cha kijivu, na mmoja akasema, "Kapi, tutakumiss bana." Mzee alimwangalia akamwambia afunge kamba ya mizigo upya, ameifunga kama mtu anayefunga viatu. Kijana akaifunga upya. Wakaondoka.

Jioni, watoto wakiwa wameenda kunawa, nilimuuliza Baba Mercy. Nilisema haraka, kama mtu anayeng'oa bandeji. "Niliposema ungoje, ilikuwaje?"

Aliweka mkono mezani, akautazama.

"Nilihesabu watu," akasema. "Kumi na mmoja. Nikahesabu tena. Maji yalikuwa hapa." Akagusa chini ya goti. "Wakati mzee anapiga yalikuwa hapa." Akagusa juu ya goti.

Nikasema, "Ulinikasirikia."

"Nilikasirika sana. Mpaka leo nakasirika." Akakigeuza kiganja juu. "Kisu nilikuwa nacho, Mama Mercy. Kilikuwa mkononi, wazi, tangu mwanzo. Nilikuwa na kisu mkononi na bado nikapiga simu."

Niliweka mkono wangu juu ya wake, naye hakuuondoa. Watoto wakarudi, maji yakiwadondoka viwikoni.

Tulikula ugali na kunde zilizolala tangu jana, nikaziongezea maziwa. Baba Mercy aliongeza mara mbili. Sufuria ilibaki na ukoko tu.